Asubuhi Niliyoinyamazisha Redio

Kama umewahi kusikia habari za yule mama wa Beni, huku kwetu Kongo, aliyekutwa na andazi mdomoni huku watu wanalia nje ya geti, basi usiulize zaidi, ni mimi. Jina langu Masika, nauza maharage na mafuta ya mawese sokoni, kanisani ni shemasi, na wakati ule nilikuwa présidente wa kamati ya wasikilizaji wa redio yetu (nasema "nilikuwa", mtaona kwa nini). Wenzangu huaibika mbele ya wakwe, au mbele ya mchungaji, wanajificha siku chache yanapita. Mimi niliaibika mbele ya Beni na Mbau kwa pamoja, na wale wa Mangina waliokosa kuja waliletewa habari ikiwa bado ya moto.

Ngojeni kwanza niwaeleze redio yenyewe, la sivyo mtadhani nilikuwa nimerukwa na akili tu. Redio yetu si ya serikali, si ya kanisa, si ya tajiri yeyote, ni ya wanaoisikiliza. Kila mtaa na kila kijiji kina klabu yake ya wasikilizaji, na kila klabu inatoa ilicho nacho: Mbau maharage na ndizi, Mutwanga kakao, Mangina mchele, sisi wa mjini tunachanga mafuta ya jenereta, vitu vinauzwa, jenereta inakunywa, fundi anakula, na sauti inaruka hewani mpaka milimani. Sheria tulijitungia wenyewe, tukazibandika ukutani: kwamba mwanasiasa hatatia mkono, na kwamba redio haifungwi hata kidogo bila mkutano mkuu kukubali. Hiyo ya pili nilikuwa nimeisahau. Hapana, nisiwadanganye, nilikuwa naikumbuka vizuri sana, ila niliona imeandikwa kwa ajili ya wengine.

Sasa msimu ule michango ikakatika. Mjini walileta kidogo, Mutwanga kidogo zaidi, na Mbau, ambao ndio nguzo yetu, hawakuleta hata ganda la ndizi. Stoo ilibaki na panya, nao walikuwa wamekonda. Na hapo ndipo akajitokeza honorable mmoja wa bungeni (jina lake niachieni, ana masikio marefu) akasema atatupa émetteur mpya, ule mtambo wa kurushia matangazo, na paneli za jua na bati la paa, na yeye anaomba kitu kidogo tu, saa ya asubuhi iwe yake. Mjumbe wake alikuwa aje kuchukua jibu siku hiyohiyo ninayowasimulia. Nikisema hapana, mafuta yaliyobaki hayafiki mwisho wa juma. Nikisema ndiyo, redio si yetu tena. Na jibu lilikuwa la kutoka kinywani mwangu.

Basi nilikasirika, na hasira yangu sikuielekeza kwa honorable, niliielekeza kwa wasikilizaji. Nilisema hawa watu wamezoea vya bure, wanakaa kama wageni wa harusi, wanakula wanafuta mdomo wanauliza bibi harusi ni nani. Nikasema dawa yao ninayo. Tutawanyima redio asubuhi moja tu, waione nyumba inavyokuwa bila Jirani (ndivyo watu wanavyoiita redio yetu, Jirani), na kabla ya jua kupanda watakuja wenyewe na magunia kichwani. Niliona ni wazo zuri kiasi kwamba nilijisifu peke yangu njiani, nikanunua na mandazi ya kusherehekea.

Nilimkuta Kasereka anafagia mlango wa studio. Huyo ndiye mkurugenzi, ndiye fundi, na ndiye sauti inayofungua redio kila siku alfajiri.

"Mama Présidente, leo umewahi! Nikuletee kiti?"

"Kiti baadaye. Leo hapana washa émetteur."

"Kuko panne?"

"Hakuna panne, mashini iko muzima. Tunabapatia basikilizaji somo. Bakae bila redio paka jua ipande, bajue uzito yake."

Akasimama na ufagio wake, akafikiri. "Bon. Mais tubaambie mbele, ata kidogo tu, tuseme redio itanyamaza, batu basiogope."

"Mutu akikuambia anakuya kukupiga kofi, si unainama? Miye nataka kofi ibafikie."

"Na comité inajua?"

"Comité si ni miye?"

(Hayo maneno, jamani, yaandikeni mahali, kisha mpige mstari mkayatupe mbali.) Kasereka hakubishana, kwa sababu mimi ndimi mkubwa wake na mimi ndimi niliyemfundisha sunday school. Na ili asije akaniibia akawasha kwa siri nikifumba macho, nikaizima simu ya redio nikaitia kwenye kapu langu, nikafunga geti kwa kufuli, nikarudi kuketi barazani pa studio, nikamimina chai, nikajiona mtawala.

Saa ya kufungua ikafika, ikapita. Sikuwa nimewahi kuwa pale kukiwa kimya, na kwa kweli nilishangaa kidogo, maana nilitegemea kusikia watoto, pikipiki, mama wa jirani anayemgombeza mbuzi, lakini hata mtaa ulinyamaza. Nikasikia duka moja linafunga milango yake ya chuma, kisha la pili. Pikipiki moja ikapita mbio, imebeba mama na godoro. Kasereka akanitazama. Nikamwambia labda mama anahama, watu wanahama kila siku, kunywa chai yako.

Halafu nikasikia mvumo. Ulitoka mbali, upande wa barabara ya Mbau, ukawa unakua, miguu na injini na sauti za watu pamoja, na mimi (aibu yangu, jamani) nikatabasamu. Nikamwambia Kasereka, unasikia? Wanakuja kuomba msamaha. Nikachukua andazi kubwa kuliko yote, nikatia mdomoni lote, kwa furaha.

Geti likapigwa. Halikupigwa kwa adabu, lilipigwa kwa mikono mingi mara moja, mpaka kufuli likaruka-ruka.

"Kasereka! Kasereka, uko muzima?"

"Muko bangapi mule ndani? Mujibu!"

"Kuko batu balikuingilia?"

Kasereka akafungua kinywa, na mimi nikamwonyesha kwa mkono anyamaze, maana mwenye kuongea na umma ni présidente, nikainuka nijibu mwenyewe, na andazi lile kavu lilikuwa limenijaa mashavu yote mawili halipandi halishuki. Nilichotoa ni "Mmmh! Mmmmh!"

Mama mmoja nje akapiga yowe: "Bamemufunga mudomo! Mungu wangu, bamefunga mwanamuke mudomo!"

Hapo mambo yakanitoka mikononi. Nikakimbilia ufunguo, haupo. Nikatafuta kwenye pindo la kitenge, kwenye kilemba, kifuani, haupo, huku natafuna na machozi yananitoka kwa kukabwa, na nje nikasikia injini ya lori inanguruma na mtu anaamuru watu wapishe. Sauti hiyo niliijua. Ilikuwa ya Papa Ramazani, makamu wangu kwenye kamati, msafirishaji, mzee mpole ambaye hata honi ya lori lake huipiga kwa kuomba radhi. Akafunga kamba nene kwenye geti, akavuta. Geti ambalo tulilichangia mwaka mzima likang'oka na nguzo zake, likalala chini kwa vumbi.

Vumbi lilipotulia tukatazamana. Upande wao walikuwa watu kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja isipokuwa Pasaka. Upande wangu nilikuwa mimi, kilemba kimenining'inia sikioni, kapu limepinduka, ufunguo umelala katikati ya mandazi, na nusu andazi bado mdomoni.

Askari mmoja aliyekuja nao akanisogelea polepole, akatazama huku na huku, akauliza kwa Kilingala kuna tatizo gani: "Likambo nini, mama?"

Nikameza.

Kasereka, maskini, ndiye aliyewaeleza. Aliwaeleza bila kuniumiza, akasema hakuna aliyeingia, hakuna aliyekufa, kamati iliamua kunyamaza kidogo. Lakini watu walinitazama mimi, na sikuona hasira usoni mwao kwanza, niliona pumzi zinawashuka. Wapo waliokaa chini palepale udongoni. Mchungaji wangu na imamu wa msikiti walikuwa wamekuja kwenye pikipiki moja, wameshikana viuno, na wote wawili walikuwa wanasema asante Mungu, kila mmoja kwa njia yake.

Ndipo nikaanza kuona walichobeba. Vijana walikuja na kipoyi, kile kitanda cha mti tunachobebea wagonjwa, kwa sababu walidhani wanakuja kumbeba Kasereka. Wengine walikuja na bidoni za mafuta, walidhani labda jenereta ilikauka. Mmoja alisukuma chukudu lake, ile baiskeli ya mti ya mizigo, mlima wote na betri ya gari juu yake. Wamama walikuwa na uji kwenye thermos. Na wengi wao hawakuwa wanachama wa klabu yoyote, sura zao sikuzijua, ni watu niliokuwa nawaita wala bure. Nilisimama nikihesabu sura mpaka nikachoka, moyo wangu ukawa mdogo kama punje, na nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: hawa wote walikuwa wapi? Walikuwa palepale. Walikuwa wanasikiliza.

Kutoka juu ya lori wakamshusha bibi mmoja mwembamba, Mama Kahambu, mkuu wa klabu ya Mbau. Alikuja amesimama katikati ya mbao, umri wote ule. Nilijua atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Hakunitukana.

"Masika, mwana wangu," akasema, "unajua siye ku Mbau tunaamukaka namna gani?"

Nikasema sijui.

"Tunaamuka, tunakamata jembe, tunakaa. Hatutoke. Tunangoja Kasereka aseme 'Mwavukire', atuamkie, kisha aseme njia ya shamba iko wazi ao haiko wazi. Akisema iko wazi, tunaenda. Akisema haiko, benye bunduki bako mu njia, tunabaki. Leo hakusema kitu. Sasa sisi tukasema, kama Kasereka ananyamaza, ni kusema Beni haiko tena."

Mimi ni mtu wa soko, redio kwangu ni matangazo ya bei, nyimbo za kwaya na taarifa za mazishi. Naisikiliza nikipima maharage. Sikujua kwamba kuna watu wanaoweka roho zao juu yake kila asubuhi, wamekaa na majembe magotini wakingoja mtu mmoja awaamkie.

"Bengine balisema tukimbie mu pori," akaendelea. "Balishaanza kufunga magodoro. Miye nikabaambia, miaka yote Kasereka ndiye anatuambia siye kama njia iko wazi. Leo yeye, nani atamuambia? Donc tukapanda mu camion ya Papa Ramazani tukakuya kumuangalia."

Nawaambieni ukweli. Watu waliamini kuna hatari, na waliposikia hatari iko wapi, wakapanda lori kuelekea hukohuko, na bibi wa umri ule akiwa juu ya mbao. Na aliyewatisha ni mimi, na chai yangu.

Nikajaribu kujitetea, maana sikio la kufa halisikii dawa. Nikasema, kwa sauti ndogo: "Mais Mama, mulikuwa hamuleti tena haricot..."

Akanishika mkono. "Haricot iko mu shamba, Masika. Na shamba, kwa siku mingi hii, Kasereka alikuwa anasema njia haiko wazi, na siye tunasikia. Wiki hii ndiyo ilikuwa inafunguka. Leo ndiyo tulikuwa tunaenda kuvuna yenu. Sasa wewe ukamufunga Kasereka mudomo, ukafunga na haricot yako."

Nilitamani nchi ipasuke. Kumbe Mbau hawakuleta maharage kwa sababu redio iliwaambia wasiende kufa kwa ajili ya maharage, na wao wakatii, na mimi nikaja kuwaadhibu kwa kutii.

Papa Ramazani akaja, akapangusa mikono, akamwambia Kasereka tu, "Washa, mwana." Kasereka akaingia studio. Jenereta ikakohoa, ikashika, na kisha, kutoka mifukoni, viunoni, kwenye usukani wa pikipiki, kutoka dirishani mwa lori, vijiredio vile vidogo vyote vikasema kwa pamoja: "Mwavukire."

Sijawahi kusikia kitu kama hicho kanisani wala popote. Sauti ilikuwa moja na ilitoka kila mahali. Wengine walifumba macho, na Kasereka akawaambia watu wa Mbau, wa Mangina na wa Mutwanga waliobaki nyumbani kwamba Beni iko, njia iko wazi, kosa lilikuwa la ndani ya nyumba, watu watusamehe. Hakutaja jina langu. Hakukuwa na haja, nusu ya wasikilizaji walikuwa wananitazama.

Na Mungu hana haraka akitaka kukufundisha, kwa hiyo palepale ndipo akafika mjumbe wa honorable. Alishuka kwenye gari lake na suti, akaona umati, akaona geti limelazwa chini kama zulia la mapokezi, uso wake ukang'aa. Akapunga mikono yote miwili.

"Ninafurahi sana kuona mulikuya bengi vile kunipokea! Honorable ananituma nibasalimie..."

Watu walimwacha amalize, sisi tuna adabu. Akazitaja paneli, akalitaja bati, akaitaja émetteur. Nami nilikuwa nimesimama pale na jibu langu la "ndiyo" nililokuwa nimelitayarisha tangu jana endapo magunia hayatakuja, linaninukia mdomoni pamoja na mandazi. Lakini Mama Kahambu akainua kidole.

"Papa, saa ya asubuhi ikiwa yenu, mutatuambia njia ya shamba iko wazi?"

"Kila asubuhi, mama, mutapata message ya honorable!"

"Hapana message. Nilikuuliza njia."

Mjumbe akacheka kidogo, akatutazama tumsaidie kucheka. Hakuna aliyecheka. Papa Ramazani akasema kwa upole wake wote kwamba basi, kwa kuwa wasikilizaji wapo, na kamati ipo, na geti halipo la kuwazuia, huu ni mkutano mkuu, na swali liko mbele: nani anakubali kuuza saa ya asubuhi? Hakuna mkono ulioinuka. Nani anakataa? Ikainuka mikono na majembe na hata kile kipoyi. Mjumbe akainama kwa heshima, akarudi kwenye gari lake akiliruka geti letu kwa uangalifu asichafue viatu.

Swali la pili lilinihusu mimi. Papa Ramazani alilisoma huku ameangalia chini, kwamba présidente aliifunga redio bila mkutano, je, aendelee? Nilitazama mikono ikipanda kusema hapana, mchungaji wangu akiwemo, na mimi nikauinua wangu, kwa kuwa hata mimi nisingemchagua présidente wa namna hiyo. Watu wakacheka hapo, mara ya kwanza tangu asubuhi, na kicheko kile kilinisaidia kuliko kusamehewa. Papa Ramazani akashika nafasi yangu, nami nikapewa kazi ya kwenda kwa kila klabu, kwa miguu yangu, kuomba radhi mlangoni. Bidoni zile na betri hazikurudi na wenyewe. Walizipanga ukutani mwa stoo, kila mtu akaondoka.

Tangu siku ile nimeapa: nikikasirika na mtu nitamwambia, hata kama ni kwa kelele, hata kama ni mbele ya wakwe. Kimya siwezi kukitumia tena. Sijui kinawafikia akina nani.

Nilianza na Mbau. Nililala kwa Mama Kahambu ili niwahi kuwaomba radhi kabla hawajatawanyika, na alfajiri nikatoka nje nikawakuta uani, wamekaa kwenye magogo, majembe magotini, wamama na wazee na wanaume wenye nguvu zao, na kijiredio kimewekwa juu ya kigoda katikati yao. Hotuba yangu nilikuwa nayo tayari, na ilikuwa ndefu. Sikuthubutu kuitoa. Nikakaa nami, nikangoja, na katika kungoja kule nikaogopa kwa kweli, nikasema Ee Mungu, mwamshe Kasereka.

Sauti ikaja. Ikatuamkia, ikasema njia iko wazi, na watu wote wakainuka kwa mara moja, na ukungu bado uko juu ya migomba. Mimi nilibaki nimekaa, machozi yananitiririka. Mama Kahambu akaniwekea jembe mapajani.

"Unangoja nini, Masika? Umesikia."

Nikavua viatu vyangu vya kanisani, nikawafuata.